Mali Bila Daftari: Historia ya Mashirika Madogo ya Nyumba za Umma Katika Marekani



Kitabu cha taarifa ya mwaka kinapotoka, macho ya wengi huenda kwanza kwenye ukurasa wa hesabu. Hilo ni jambo la haki. Fedha zilizoandikwa pale ni ada za watu waliozipata kwa jasho, nazo zimewekwa kwa ajili ya siku ya msiba, kusafirisha maiti hadi nyumbani, karo ya mtoto aliyefiwa na baba, na mwanachama aliyelazwa hospitali. Kwa hiyo yafaa kuweka, karibu na hesabu hizo, habari ya vyombo vingine vidogo vilivyokabidhiwa mali ya watu maskini. Vyombo hivyo ni mashirika madogo ya nyumba za umma katika nchi ya Marekani. Nchi hiyo iko mbali na desturi zake ni nyingine, lakini udhaifu ulioyadhuru mashirika yale waweza kuingia katika chama chochote kilicho na karani mmoja na sanduku moja.

Wala habari za nyumba za umma si ngeni kwetu. Wazee wetu waliofanya kazi Nairobi walikaa Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na Ofafa, wakilipa kodi kwa Baraza la Jiji. Hata huko mambo hayakuwa safi daima. Mwaka wa 1956 ilitolewa taarifa ya Tume iliyoongozwa na Sir Alan Rose, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Tume hiyo ilichunguza madai ya rushwa katika shughuli za Baraza, na ujenzi wa nyumba za Waafrika ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa. Basi tusidhani kwamba twasoma aibu ya wengine tu.

ASILI YA MASHIRIKA HAYO

Baada ya mwaka wa 1929 biashara ya Marekani ilianguka, na watu wengi wakakosa kazi na mahali pa kulala. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianza kujenga nyumba chache yenyewe. Kisha tarehe 1 Septemba 1937 Rais alitia sahihi Sheria ya Nyumba, iliyoletwa na Seneta Robert Wagner wa New York na Mbunge Henry Steagall wa Alabama. Sheria hiyo iliweka mpango ambao umedumu hata leo. Serikali kuu yatoa fedha na kuweka masharti, lakini nyumba zenyewe zamilikiwa na kuendeshwa na shirika la mahali, lililoundwa kwa sheria ya jimbo.

Kila shirika lina halmashauri, mara nyingi ya watu watano. Katika miji huteuliwa na meya, na katika wilaya huteuliwa na baraza la wilaya. Watu hao kwa kawaida hawalipwi mshahara. Ni mwenye duka, mwalimu aliyestaafu, mchungaji wa kanisa, mkulima, na pengine mpangaji mmoja. Hukutana mara moja kwa mwezi. Humwajiri mkurugenzi, na mkurugenzi huwaajiri makarani na mafundi.

Mpango huu ulikuwa na wema mwingi. Watu wa mji mdogo waliweza kuamua mambo yao wenyewe, na mpangaji aliyekuwa na shida alijua mlango wa kubisha. Lakini ulikuwa pia na ubaya tangu mwanzo, maana katika miji mingi nyumba zilitengwa kwa rangi, weupe huku na weusi kule, na wakubwa wa mahali ndio walioamua nani apate nini.

Mwaka wa 1949 Bunge lilikusudia kujenga nyumba 810,000 katika muda wa miaka sita, ingawa kazi hiyo haikumalizika kwa wakati uliowekwa. Mwaka wa 1965 iliundwa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, na waziri wake wa kwanza, Robert Weaver, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Mwaka wa 1969 Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, naye pia mtu mweusi, alileta sheria kwamba mpangaji asitozwe kodi inayozidi robo ya mapato yake. Mwaka wa 1981 kiasi hicho kilipandishwa kuwa 30 kwa mia.

Sheria ya Seneta Brooke iliwaokoa maskini wengi. Lakini kodi ilipopunguzwa, haikutosha tena kulipia matengenezo, maji na mishahara, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya kuendesha nyumba. Tangu wakati huo mito miwili ya fedha imepita katika kila ofisi: kodi iletwayo na wapangaji kila mwezi, na ruzuku itokayo Washington. Katika mji mkubwa fedha hizo hupita mbele ya macho mengi. Shirika la New York peke yake lina nyumba zaidi ya 150,000. Lakini mashirika yapo zaidi ya 3,000 katika nchi nzima, na yaliyo mengi ni madogo, yenye nyumba zisizofika 250. Mengine yana nyumba 30 au 50 tu. Huko macho ni machache.

KAZI NNE NA MIKONO MIWILI

Wahasibu wana kanuni ya zamani kuhusu ulinzi wa mali ndani ya ofisi, ambayo huiita udhibiti wa ndani. Yasema kwamba katika kila shilingi ipitayo kuna kazi nne. Ya kwanza ni kuidhinisha, yaani kusema kwamba fedha hii itumike. Ya pili ni kuishika fedha yenyewe. Ya tatu ni kuiandika daftarini. Ya nne ni kulinganisha daftari na fedha iliyopo, kuona kama vinakubaliana. Kazi hizi nne zikigawanywa kwa watu mbalimbali, mwizi hawezi kuiba mpaka apate mwenzake wa kula naye njama. Zikikusanywa kwa mtu mmoja, hakuna awezaye kujua kitu mpaka mtu huyo mwenyewe aseme.

Sasa tazama shirika la nyumba 40. Lina mkurugenzi, karani mmoja, na fundi wa kutengeneza mabomba na milango. Karani hupokea kodi dirishani, huandika stakabadhi, hupeleka fedha benki, huandika daftari, na barua ya benki ijapo mwisho wa mwezi ni yeye aifunguaye. Ofisi nyingi za namna hii humlipa mhasibu wa nje ili atengeneze hesabu za kila mwezi. Lakini mhasibu huyo hufanya kazi kwa karatasi alizoletewa. Hahesabu fedha sandukuni wala hawaulizi wapangaji walilipa nini. Karatasi zikiwa za uongo, hesabu zake zitakuwa nzuri kwa sura na za uongo kwa maana.

Njia ambazo mali imepotea katika ofisi kama hizo zajulikana vema. Karani huchukua kodi ya mpangaji wa kwanza, kisha huandika jina lake kwa fedha ya mpangaji wa pili, na la wa pili kwa fedha ya wa tatu, akiziba shimo la jana kwa udongo wa leo. Mtu wa namna hii haendi likizo kamwe, naye husifiwa kwa bidii. Au nyumba huandikwa kuwa tupu, kumbe yumo mtu alipaye kodi mkononi mwa karani. Au hundi yataka sahihi mbili, lakini mwenyekiti, kwa kuwa ana safari, hutia sahihi yake mapema katika hundi tupu kumi na kuziacha mezani. Au kazi moja ya kuezeka hukatwa vipande vitatu, kila kipande chini ya kiasi kinachotaka zabuni, na vyote vitatu humwendea shemeji wa mkurugenzi. Au mbao na rangi hununuliwa kwa jina la shirika zikaishia nyumbani kwa mtu. Au orodha ya wanaongoja nyumba haina tarehe, na aliyefika jana humpita mjane aliyengoja miaka miwili.

Yatupasa kusema hapa neno la haki. Makarani na wakurugenzi walio wengi katika mashirika hayo ni watu waaminifu, wafanyao kazi nyingi kwa mshahara mdogo. Lakini ofisi isiyo na ulinzi humdhuru hata mwaminifu. Siku fedha zikipungua, kwa kosa la kujumlisha au kwa wizi wa mtu mwingine, yeye ndiye aliyeshika kila kitu, na hana shahidi wa kumwondolea shaka. Kugawanya kazi kwamlinda mweka hazina mwema kuliko kunavyomlinda mtu mwingine yeyote.

Tena katika mji mdogo watu wote wajuana. Mwenyekiti na karani huketi katika kanisa moja, na watoto wao husoma shule moja. Kumwambia, “Nionyeshe barua ya benki,” huonekana kama kumtukana. Kwa hiyo watu hunyamaza kwa adabu, na adabu hiyo huendelea mwaka baada ya mwaka mpaka nyumba zinapoanza kuvuja.

MACHO YA NJE

Mtu ataweza kuuliza, je, Serikali haikaguzi? Hukagua. Sheria ya mwaka wa 1978 iliweka Wakaguzi Wakuu katika wizara za Marekani, na mmojawapo ni wa Wizara ya Nyumba. Mwaka wa 1984 Bunge lilipitisha sheria ya ukaguzi mmoja wa hesabu kwa majimbo, miji na vyombo vyote vya mahali vinavyotumia fedha za Serikali kuu. Mwanzoni chombo kilichopata dola 100,000 au zaidi kwa mwaka ndicho kilichopasiwa na ukaguzi huo kamili. Mwaka wa 1996 kiasi kilipandishwa kuwa dola 300,000, na mwaka wa 2003 kikawa dola 500,000. Baadaye kilifika dola 750,000 kwa miaka ya hesabu iliyoanza baada ya Desemba 2014, na dola 1,000,000 kwa miaka ya hesabu inayoanza tangu Oktoba 2024.

Sababu za kupandisha zilikuwa za kweli. Thamani ya dola ilipungua, na mkaguzi hulipwa fedha nyingi ambazo shirika la nyumba 30 lingezitumia kununua mitambo ya kupasha joto. Kwa sababu kama hiyo sheria ya mwaka wa 2008 iliyaondolea mashirika yenye nyumba na vyeti vya msaada wa kodi visivyozidi 550 wajibu wa kupeleka mpango wao wa kila mwaka wizarani. Nia ilikuwa kuwapunguzia wadogo mzigo wa karatasi. Lakini matokeo ni kwamba shirika likizidi kuwa dogo, jicho la nje hulifikia kwa nadra zaidi. Na hilo ndilo shirika ambalo ndani yake hakuna watu wa kutosha kugawana zile kazi nne. Ulinzi umepungua nje pale pale ulipokuwa haba ndani. Aliyebaki kati ya karani na mali ya umma ni halmashauri ya wale watu watano wasiolipwa.

MAMBO YALIYOTOKEA CAIRO

Katika jimbo la Illinois, pale mito ya Ohio na Mississippi inapokutana, upo mji uitwao Cairo, ulioitwa kwa jina la mji mkuu wa Misri. Mwaka wa 1920 ulikuwa na watu zaidi ya 15,000. Biashara ya mashua na reli ilipokufa, na ugomvi wa rangi ulipouchoma mji katika miaka ya 1960 na baadaye, watu walihama. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2010 ilikuta 2,831 tu. Waliobaki wengi walikuwa maskini, na sehemu kubwa yao wakakaa katika nyumba za shirika la nyumba la wilaya ya Alexander. Mitaa miwili mikubwa ya nyumba hizo iliitwa Elmwood na McBride, nayo ilijengwa zamani, katika kizazi cha kwanza cha nyumba za umma.

Mwaka wa 2015 gazeti la sehemu hiyo, The Southern Illinoisan, lilianza kuandika habari za shirika hilo. Wapangaji walieleza habari za panya, mende na kunguni, na za mitambo ya joto isiyofanya kazi wakati wa baridi kali. Uchunguzi wa Wizara nao ulieleza matumizi yasiyofaa ya fedha, safari zikiwa miongoni mwake, huku nyumba zikiachwa bila matengenezo. Mwezi wa Februari 2016 Wizara ilitwaa shirika hilo na kuliendesha yenyewe.

Wapangaji walitumaini kwamba sasa nyumba zao zitatengenezwa. Lakini mwezi wa Aprili 2017 waliitwa mkutanoni wakaambiwa kwamba nyumba za Elmwood na McBride zimeharibika mno, na fedha za kuzitengeneza hazipo. Watu wapatao 400, wengi wao wakiwa watoto, walitakiwa kuhama. Walipewa vyeti vya kuwasaidia kulipa kodi mahali pengine, lakini katika Cairo nyumba za kupanga zilikuwa hazipatikani kwa urahisi. Wengi walilazimika kuuacha mji waliozaliwa, wakaenda miji mingine ya Illinois, au kuvuka mito na kuingia majimbo ya Missouri na Kentucky. Shule zilipoteza wanafunzi na makanisa yalipoteza waumini. Nyumba zenyewe zilibomolewa. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilikuta watu 1,733 katika mji huo.

Mwaka wa 2018 ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ilitoa taarifa ikisema kwamba Wizara yenyewe ingepasa kuchukua hatua mapema kuliko ilivyochukua. Neno hilo ni zito. Dalili zilikuwapo kwa miaka. Kila aliyepasiwa kutazama alikuwa na sababu ya kungoja mwaka mwingine, na wakati huo maji yalizidi kuingia ukutani. Wahenga wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Cairo waliukosa hata ukuta wenyewe. Tena walioteseka hawakuwa wale walioshika kalamu. Alikuwa mama mwenye watoto watatu, aliyelipa kodi yake kila mwezi na kutunza stakabadhi zake zote.

DAWA ILIYOFAA WADOGO

Mashirika madogo yaliyosimama imara hayakuwa na fedha za kuajiri makarani wanne. Yalifanya jambo jingine: wanahalmashauri wenyewe walikubali kuwa mkono wa pili. Mambo wanayoshauriwa kuyafanya ni mepesi, na hayahitaji elimu ya chuo.

Barua ya benki hupelekwa kwa mwanahalmashauri asiyetia sahihi hundi, naye huifungua kwanza, huisoma mstari kwa mstari, na kutia jina lake na tarehe. Vitabu vya stakabadhi vina namba zilizochapwa, na mtu mwingine huzihesabu kuona kama hakuna iliyorukwa. Kodi haipokewi kwa fedha taslimu. Mpangaji huleta hundi au hawala. Hundi haitiwi sahihi kabla ya kujazwa, awe nani aliye safarini. Karani hupewa likizo kila mwaka, apende asipende, na mtu mwingine hukaa dirishani siku hizo. Pengine mashirika mawili jirani hubadilishana makarani kwa siku chache, kila mmoja aangalie daftari za mwenzake. Orodha ya wanaongoja nyumba huandikwa tarehe na saa. Na mara kwa mara mwanahalmashauri hutembea mtaani jioni akiwa na orodha ya nyumba tupu mkononi. Akiona taa inawaka katika nyumba iliyoandikwa tupu, ana neno la kuuliza mkutanoni.

Lililo kubwa ni kwamba maswali hayo huulizwa kila mwezi na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano, fedha ziwe zimetimia au zimepungua. Likiwa desturi ya kila mwezi, hakuna anayeona haya kuulizwa. Likija siku ya shaka tu, tayari ni shtaka.

NENO KWA CHAMA

Ndugu wanachama, vyama vyetu vya kusaidiana ni vidogo kuliko hata yale mashirika ya nyumba 30. Havina Mkaguzi Mkuu wa kuvitazama kutoka mji mkuu. Mara nyingi mweka hazina mmoja hupokea ada, huziandika, huziweka, na huja mbele ya mkutano mkuu kusoma hesabu alizozitengeneza mwenyewe. Siku hizi ada nyingi zatumwa kwa simu, na wengine hudhani kwamba simu imeondoa hatari. Simu huandika kila kitu, ni kweli. Lakini ikiwa namba ni ya mtu mmoja, na maandishi yake husomwa na mtu huyo huyo, basi sanduku limebadilika umbo tu, na ufunguo ungali mmoja.

Katika desturi zetu mzee haulizwi ovyo, na ni vema heshima hiyo ikae. Lakini heshima haikatazi hesabu. Mfugaji mwenye busara huhesabu ng’ombe wake jioni wanapoingia zizini, wala mchungaji wake hakasiriki, maana wote wawili walala usingizi. Yafaa wazee wawe wa kwanza kusema, “Hesabuni mbele yangu,” ili vijana wajifunze kwamba kuhesabiwa ni sehemu ya uongozi. Mzee akitangulia, hakuna kijana atakayesema kwamba ameonewa.

Kwa hiyo twawasihi wanachama watende mambo matatu katika mwaka ujao. Kwanza, apokeaye fedha asiwe yule yule aandikaye daftari kuu. Pili, barua ya benki na maandishi ya simu yasomwe kila mwezi na wanachama wawili wasio viongozi, wakibadilishwa kila baada ya miezi 6. Tatu, kila mwanachama adai stakabadhi yake hata kwa ada ndogo, aitunze, na aje nayo kwenye mkutano mkuu. Haya hayagharimu chama zaidi ya karatasi na saa chache za jioni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mithali hiyo ni ya kwetu. Mjane atakayebisha mlango wa chama hiki siku ya msiba wake hataweza kuzikagua hesabu. Ni sisi tupasao kuzikagua kabla hajafika.